Ukinyamaza Siku 28, Kanuni Imepita



Hapa Kangeta, kando ya barabara ya kwenda Maua, kuna kijana tunayemjua. Ana karibu miaka miwili kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Anafungua karakana asubuhi, anafagia, anashika chuma fundi akichoma, anatumwa chai. Miwani ya kukinga macho ni moja na ni ya fundi. Macho yakimwasha usiku anajiwekea vipande vya viazi, kama wanavyofanya wenzake wengi wa kazi hiyo. Tulimuuliza atamaliza kujifunza lini. Akacheka: "Fundi akisema." Na karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni mwanafunzi wa mtu? Hana.

Hatumpigi fundi vita. Naye alifunzwa hivyo hivyo, na mchana anagawana chakula na kijana wake. Lakini wema wa fundi si mkataba. Siku wakikosana, ile miaka miwili itahesabiwa na nani?

Sheria ya Kenya ina jina la kijana kama huyu: mwanagenzi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ni ya 1959, kabla hata ya uhuru, na inataka mkataba wa maandishi, usajiliwe, muda ujulikane. Mwajiri anafungwa kufunza na kijana anafungwa kutumika. Anayeisimamia leo ni NITA, wale wale wanaotoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa hivyo ofisi ipo na pesa ipo. Kijana wetu ndiye hayupo kwenye vitabu vyao.

Na mambo yanayomgusa kila siku, kama nani anafaa kufunza, fundi mmoja asimamie wangapi, nani apite kukagua, hayo mengi huachiwa kanuni. Waziri huziandika. Hapa ndipo sisi hulala. Mswada ukisomwa Bungeni tunapiga kelele, lakini kanuni ikichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali hata hatujui ni siku gani. Ajabu, maana sisi watu wa Igembe tunajua vizuri nguvu ya kanuni. Zile za miraa za 2023 zimeingia mpaka ndani ya gunia.

Katiba, kifungu cha 94, inasema wazi kwamba kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Waziri anaazimwa tu huo uwezo. Ndiyo maana mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kuwachunga mawaziri, Sheria nambari 23. Waziri akichapisha kanuni, ana siku saba za vikao kuifikisha Bungeni. Asipoifikisha, kanuni inakufa yenyewe. Ikifika, inakwenda kwa kamati inayokagua kanuni, na kamati inaweza kupendekeza ifutwe. Na hata ikipita haidumu milele: baada ya miaka 10 inaisha, isipokuwa iongezewe muda mfupi au iandikwe upya.

Sasa sikiliza hili. Kamati ikikaa siku 28 bila kutoa ripoti, na Bunge halijaongeza muda, kanuni inahesabiwa kuwa imetimiza masharti yote. Yaani wabunge wakinyamaza, wamekubali. Na wabunge hunyamaza pale ambapo hakuna mtu wa kuwasumbua.

Wa kuwasumbua ni sisi, na silaha iko ndani ya sheria hiyo hiyo. Kila kanuni lazima ije na maelezo yanayoonyesha nani aliulizwa maoni kabla haijaandikwa. Mbunge anaweza kusoma ukurasa huo tu na kuuliza: mliongea na karakana gani ya jua kali? Mlifika Maua? Mlikaa na dada anayejifunza kushona au kusuka? Kama walioulizwa ni makampuni makubwa yenye maafisa wa wafanyakazi, basi kanuni hiyo imeandikiwa makampuni hayo. Usimamizi utaishia kwenye faili zao, na kijana wa karakana ya mabati atabaki chini ya mapenzi ya fundi.

Kuna mlango mwingine unatutia wasiwasi zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mtoto wa kati ya miaka 13 na 16 kuwekwa kwenye mashine za kazi ya kiwandani, isipokuwa ana mkataba wa uanagenzi. Fikiria maana yake. Karatasi ile ile inayomlinda ndiyo inayomfungulia njia ya kufika kwenye mashine. Akishafika, kinga yake ni usimamizi. Kanuni ikisema tu kwamba mwanagenzi "atasimamiwa ipasavyo", bila kutaja nani na mara ngapi, vidole vya mtoto vimeachwa kwa bahati. Kamati ikiona neno kama hilo, irudishe kanuni kwa Waziri.

Wengine wanatuambia tukilazimisha karatasi, mafundi watakataa kufunza. Hoja hiyo ina uzito, hatuwezi kuidharau. Fundi wa kibanda hawezi kujaza fomu za kampuni ya Nairobi. Basi aandikiwe mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usajiliwe karibu na nyumbani, na gharama isimwangukie yeye. Hilo ni jambo la kanuni, na ndilo tutakaloliomba.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tumeanza kuandika letu. Tunahitaji ushuhuda wa wanaofunzwa na wa mafundi wenyewe, kutoka Kangeta, Maua, Laare na Muthara: unajifunza kazi gani, umeanza lini, uliandikiana na fundi au la, umewahi kuumia, kuna afisa yeyote aliyewahi kupita. Majina yenu hatutayaweka wazi. Jumamosi alasiri tutapita karakana za hapa stendi na kalamu na karatasi, na anayeweza kutusaidia kuandika Kimeru kwa wazee mafundi aje tuandamane naye.