Usiku Ule wa Kinshasa

Juma lililopita binamu yangu alikuja kunijulia hali, na baada ya chakula akaniuliza jambo moja tu: "Kaka, usiku ule uwanjani, baba alicheza?" Nilifungua kinywa kumjibu, nikakuta sina jawabu.

Wasomaji wangu mmekwisha kunisikia nikijigamba kwamba nilihudhuria tamasha la Zaire 74. Si uwongo. Septemba 1974 nilikuwa kijana wa miaka 16, nimetoka Kigoma kwenda kukaa kwa mjomba wangu, fundi wa magari mjini Kinshasa. Nyumbani neno soul halikutamkwa mbele ya baba. Muziki huo ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam Novemba 1969, naye baba alikuwa mtu wa kufuata amri, hata zile zisizomhusu. Mjomba alikuwa mtu wa namna nyingine.

Tamasha lilikusudiwa kulitangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikaahirishwa hadi 30 Oktoba. Wanamuziki hawakungoja, walipiga siku tatu, 22 hadi 24 Septemba, katika Uwanja wa 20 Mei. Walikuwapo James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba na Celia Cruz, pamoja na Franco na Tabu Ley, ambao pale hawakuwa wageni bali wenye nyumba.

Sasa sikilizeni ajabu. Miaka mingi nimesimulia jinsi Bill Withers alivyoketi peke yake na gitaa, uso wake umelowa jasho. Siku hiyo binamu yangu alikuja na filamu ya Soul Power, iliyotolewa mwaka 2008 kutokana na picha zilizopigwa wakati ule, ambayo nami nilipata kuitazama zamani. Nikamwona Withers yule yule, kwa karibu kabisa, kama ninavyomsimulia. Lakini mimi nilisimama nyuma kabisa ya uwanja, mahali ambapo mtu jukwaani hakuzidi ukubwa wa kidole. Jasho lake nililionaje?

Basi nikaanza kupembua kilicho changu. Si kingi. Nakumbuka fimbo ya mpiga ngoma ikishuka, na mlio ukitufikia baadaye. Nakumbuka kandambili moja iliyopotea, nikarudi nyumbani mguu mtupu. Na nakumbuka mkono wa mjomba, unaonuka grisi, umeshika shati langu mgongoni. "Mjomba, usinipotee," aliniambia, na hakuniachia.

Binti yake alizaliwa mwaka 1976, na mjomba akafariki 1979. Anachokijua juu ya baba yake ni picha mbili na maneno ya watu wengine. Ningaliweza kumwambia kwamba alicheza, angalifurahi. Nikamwambia ukweli: alikuwa nyuma yangu usiku kucha, nami macho yalikuwa jukwaani.

Kisha likanijia jambo ambalo halimo katika filamu yoyote. James Brown alipokuwa akiimba, mkono ule uliacha shati langu. Si kwa dakika moja. Kwa wimbo mzima. Sikugeuka.

Binamu yangu alinyamaza. Halafu akairudisha filamu nyuma, akaisimamisha pale kamera ilipowageukia watazamaji, akaomba miwani yangu.