Wawili Wasiochaguana

Juma hili tuzungumze habari ya sinema. Najua wapo wazazi wasiotaka hata kulisikia neno hilo. Kijana akirudi kutoka kibanda cha video, hasimulii ila bastola na magari kuteketea. Lakini tusihukumu kabla ya kutazama. Je, umepata kujiuliza kijana wako anapenda nini hasa katika zile picha za Marekani za miaka ya 1990, za polisi wawili?

Tutwae mfano. Picha ya "Rush Hour" ilitoka mwaka 1998. Binti wa balozi mdogo wa China anatekwa mjini Los Angeles. Inspekta Lee, yaani Jackie Chan, anatoka Hong Kong kuja kumtafuta. Wapelelezi wa Marekani hawamtaki. Basi anapewa polisi mmoja, Carter, yaani Chris Tucker, amzungushe mjini tu asiwaingilie kazi yao. Carter ni msemaji mno. Lee ananyamaza, hata mwenzake anadhani hajui Kiingereza. Kumbe anasikia yote! Watu hucheka hapo. Lakini mwishowe ni hao wawili, waliodharauliwa, wanaomwokoa mtoto.

Mojawapo ya picha zilizowafungulia wengine njia hiyo ni "Lethal Weapon" ya mwaka 1987, iliyofuatwa na nyingine tatu, za 1989, 1992 na 1998. Humo mna Murtaugh, mtu wa miaka 50, mwenye mke na watoto watatu. Mwenzake, Riggs, amefiwa na mkewe. Anaishi peke yake na mbwa wake, naye ameweka risasi moja ya kujiulia. Picha ya kwanza yaishia siku ya Noeli. Riggs anafika mlangoni kwa Murtaugh, anaiacha ile risasi iwe zawadi, maana haihitaji tena, kisha anageuka aende zake. Murtaugh anatoka, anamwita aingie ale pamoja nao.

Hiyo ndiyo siri ya picha hizi, ndugu zangu. Milio ya bastola huwavuta watu waingie, lakini kinachokaa moyoni ni watu wawili wasiochaguana, wakagombana, kisha wakawa tayari kufa kila mmoja kwa ajili ya mwenziwe.

Sisemi kwamba yote ni mema. Matusi yamo, na damu tele; hazifai watoto wadogo. Tena polisi wa kweli akimpiga mtu ovyo, si jambo la kuchekesha.

Lakini kijana wako akirudi leo jioni, usimwulize wameuawa wangapi. Mwulize: "Yule mpweke alipata rafiki?" Kisha tazameni pamoja, ni jirani gani anayekula peke yake usiku huu. Kidole kimoja hakivunji chawa.