Bibi Harusi Si Kivutio cha Watalii



Tangu Mfunguo Mosi harusi zimefuatana, kutoka Mjini mpaka huku kwetu Tunguu, na kila ukumbi mambo ni yale yale. Bibi harusi anaingia, wanawake wote wanainua simu. Hajafika kwenye kiti chake, ameshafika kwenye stetasi za watu. Nyuma yake wamekaa mama zetu na mashoga zetu waliovua mabuibui kwa sababu waliambiwa humu ni wanawake watupu. Nao wamo kwenye picha. Hawakuulizwa. Usiku huo huo picha inatazamwa na shemeji, na jirani, na mtu wa Maskati ambaye hata hamjui mwenye harusi.

Tusiite hiyo kumbukumbu. Mwanamke amevuliwa sitara yake na wanawake wenzake.

Na sisi tunajua kitu hiki kinavyouma. Nenda Paje au Jambiani bahari ikitoka, uwaone wanawake wa mwani. Kilimo hicho kilianza pwani ile mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Mtalii anapita, anaona kanga, migongo iliyoinama na maji ya kijani, anapiga picha, anakwenda zake. Picha inapendeza kweli. Haionyeshi kwamba maji yamezidi joto, na kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa kwenye kina kifupi, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu wa bei ya chini. Aliyepiga hakuuliza ruhusa wala jina. Tukiona hivyo tunasema watu hawa hawana adabu, na ni haki yetu kusema. Lakini tukiingia ukumbini tunafanya hayo hayo kwa dada zetu, na sisi hatuwezi kusingizia ugeni.

Wengine wanasema dawa ni kukusanya simu mlangoni. Mwenye harusi akiamua hivyo atiiwe, tena bila ya kununa. Ila simu itarudi mkononi harusi ikimalizika, na kesho itapigwa picha ya mgonjwa hospitali, ya jirani anayeanua nguo, ya bibi kizee anayeuza maembe barabarani. Mlango wa ukumbi hauwezi kulifunza adabu jicho. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Dini yetu imeshatufunza. Suratun Nur, kabla ya kufika kwenye vazi letu, inaanza na macho: aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao, na aya ya 31 inatuamrisha sisi. Kabla ya hapo, aya ya 27 inatutaka tubishe hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Basi uso wa mtu ni mdogo kuliko nyumba yake, mpaka uingiwe bila hodi?

Aliyeandika juu ya macho kwa elimu alikuwa Muislamu mwenzetu, Ibn al-Haytham. Katika karne ya 11, huko Misri, aliandika Kitab al-Manazir, akaeleza kwamba jicho halirushi mwanga kwenda kwenye kitu. Mwanga ndio unaotoka kwenye kitu na kuingia machoni. Kamera nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Kwa hiyo kila picha uliyonayo ni kitu ulichopewa, na ulichopewa na mtu ni amana.

Siku hizi duniani kuna watu wanaopiga picha kwa utulivu, kama njia ya kuhudhurisha moyo na kujifunza huruma. Mabudha wana mafunzo yao wanayoyaita Miksang, neno la Kitibeti lenye maana ya jicho zuri. Atakayeniambia hayo si yetu, nitamwambia turudi kwenye Aal Imran, aya ya 190 na 191, zinazowasifu wanaomkumbuka Allah wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, huku wakitafakari uumbaji wake. Tafakuri ni yetu. Muingereza Peter Sanders alianza na picha za wanamuziki mashuhuri, kisha akasilimu, na maisha yake akayatumia kuwapiga picha Waislamu na miji yao kwa heshima. Najua masheikh wamekhitilafiana juu ya picha, na anayejizuia kabisa simlaumu. Nasema na sisi tunaopiga kila siku.

Jaribu wiki moja tu. Baada ya Alasiri toka na simu, izime intaneti. Tembea taratibu na dhikri yako. Usitafute kizuri, subiri mpaka kitu kikusimamishe: mwanga juu ya jani la mgomba, kanga kwenye kamba, maji ndani ya ndoo. Kitazame kwanza mpaka ukione. Kisha piga picha moja, usiirushe kwa mtu. Akitokea mtu, inamisha simu, msalimie, umuulize khabari zake. Pengine hutapata picha, lakini utakuwa umemuona.

Zamani filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa Unguja mwaka 1930, watu walikwenda kwake kwa miguu yao, wamevaa walichotaka kuonekana nacho, na walijua wanapigwa picha. Tunaweza kuurudisha ukarimu huo bila kuzitupa simu zetu.

Wewe unayeolewa, una haki ya kusema. Chagua mpiga picha mmoja, mwanamke, na mkubaliane kabla ya siku yenyewe: picha ni zako, hakuna itakayotoka bila idhini yako, na waalikwa waliovua mabuibui hawamo. Mwambie somo wako awatangazie wageni mapema, kwa upole. Asiyekubali aambiwe kwamba kualikwa kwake ni kuja kukuombea dua na kukutazama kwa macho mawili aliyopewa na Mola wake.

Na sisi tunaoalikwa, simu zibaki mikobani. Bibi harusi akiingia, tumtazame, tumuombee baraka. Tukitoka pale tumsimulie kwa wema, na tulichokiona ndani kibaki ndani.

Wabillahi tawfiq.