Siku ya Tatu Mpe Jembe: Msasi Aliyekalishwa Bure Dzaleka

Wanafunzi wapenzi, methali ya leo mnaijua: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huifundisha kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma kwanza kama amri kwa mwenyeji. Jembe limo mikononi mwake, na asipolitoa hana haki ya kumlaumu mgeni kwa kukaa bure. Kwa kipimo hicho, sheria za wakimbizi za Malawi zimeshindwa. Nitalionyesha hilo kwa maisha ya mtu ambaye siasa haimtaji kamwe: mwongoza wawindaji.

Mtu huyu nimemtunga, ila mambo yaliyomzunguka sikuyatunga. Tuseme alizaliwa Kivu ya Kusini, kando ya msitu wa Kahuzi-Biega. Baba yake alikuwa msasi, yaani mwindaji, naye alimrithisha elimu isiyoandikwa. Alijifunza kutofautisha unyayo wa alfajiri na unyayo wa jana, kusimama chini ya upepo ili mnyama asimnuse, na kurudi nyumbani usiku bila taa. Mkewe alikausha nyama na kuipeleka sokoni. Ada ya shule ya watoto ilitoka katika miguu ya baba.

Elimu hiyo ndiyo iliyoufungua msitu ule kwa dunia. Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyepigania kuanzishwa kwa hifadhi ya Kahuzi-Biega, aliwafikia gorila kwa kuongozwa na Watwa waliojua kufuata nyayo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Watwa, wenye msitu tangu enzi za mababu, wakafukuzwa humo bila fidia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo ilikiuka haki zao. Ilichukua takriban nusu karne kulitamka hilo.

Hapo tazameni kazi ya lugha. Yule aliyeitwa msasi sasa akaitwa jangili. Jangili ni mtu anayewinda bila kibali. Mkono ni ule ule na mshale ni ule ule. Kilichobadilika ni karatasi. Vita vilipokuja, akapata jina la tatu. Alivuka Ziwa Tanganyika na familia yake, akapita Tanzania, akaingia Malawi, na huko akaitwa mkimbizi.

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilometa 40 kaskazini mwa Lilongwe. Zama za Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, kwa makadirio ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Familia ya msasi wetu huishi kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, msaada ambao umepunguzwa mara kwa mara kwa uhaba wa fedha. Watoto waliozaliwa humo hawawi raia kwa sababu tu ya kuzaliwa Malawi, kwa kuwa sheria hudai mzazi awe raia.

Kwa nini baba huyu hafanyi kazi? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake. Ilijihifadhia haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi na kuzuia mwendo wao kwa sababu za usalama. Ilisema pia kwamba haifungwi kumwondolea mkimbizi moja kwa moja wajibu wa kuomba kibali cha kazi. Kwa hiyo mtu aliyeitwa jangili kwa kukosa kibali anakutana tena na karatasi ile ile. Safari hii hata kwenda kuitafuta kazi ni kosa.

Waliothubutu kujitafutia jembe wenyewe walifungua maduka Lilongwe. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata. Maduka yalifungwa, na watu wakawekwa gereza la Maula, watoto wakiwamo. Watu waliokuwa wakijilisha wenyewe walirudishwa kwenye foleni ya msaada uliokwisha kupungua. Nani alifaidika na hesabu hiyo?

Watetezi wa siasa hii wana hoja, nami sitaipuuza. Husema Malawi ni nchi maskini, vijana wake hawana kazi, na mgeni atawanyang'anya kidogo kilichopo. Umaskini huo ni wa kweli. Lakini mtu aliyezuiwa kufanya kazi bado anakula, na anayefanya kazi hununua unga kwa mkulima wa Dowa, hulipa kodi, humwajiri mwenyeji. Tena zipo kazi zinazohitaji elimu yake hasa. Mwaka 2022 tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde hadi hifadhi ya Kasungu. Baadaye tembo wakawa wanatoka nje ya hifadhi, wakala mazao na kuua watu katika vijiji vya mpakani mwa Malawi na Zambia. Mtu anayeweza kusoma njia ya mnyama kabla hajafika shambani angeweza kufundisha vijana wa vijiji hivyo. Lakini ameketi Dowa, akingoja chakula, na akifa atazikwa na elimu yake, kwa maana wanawe hawana msitu wa kujifunzia.

Wala sidai jambo lisilowezekana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972 na wazao wao. Nchi hizo nazo si tajiri.

Kwa hiyo nadai mambo mawili: Malawi iondoe masharti yake juu ya kazi na mwendo, na kibali cha kazi kitolewe kwa mkimbizi kwa ada anayoiweza. Usalama ukihitaji mtu fulani azuiwe, azuiwe huyo kwa amri ya mahakama, si watu elfu hamsini kwa pamoja.

Tangu 1994 ni zaidi ya miaka thelathini. Siku ya tatu ilipita zamani sana, na jembe bado limefungiwa stoo.

Zoezi: Andika aya moja ukitumia maneno msasi, jangili na mkimbizi, yote yakimhusu mtu mmoja. Kisha eleza ni nani aliyempa kila jina, na kwa faida ya nani.