Kubadili Hopsi Siyo Feki, Feki Ni Kuficha Ulichobadili

Wiki hii mkoa wa Pwani umechangamka, na safari hii siyo mambo ya ndoa wala madeni. Ni bia. Tena bia ya kupika nyumbani, ile chungu yenye jina refu, India Pale Ale, au IPA kwa wanaoizoea. (Kama hujafika miaka 18, stori hii haikuhusu, pita.)

Upande mmoja yupo kaka wa Kibaha, mitaa ya Picha ya Ndege, jina lipo kapuni. Upande wa pili yupo dada wa Kisarawe, anaishi Masaki. Masaki ya Kisarawe lakini, siyo ile ya mjini yenye viyoyozi. Wote wawili wanapikia marafiki, hawauzi, na wote wanapenda kupiga picha glasi zao na kurusha Insta. Mwaka huu wakakutana na balaa moja: resipe inataka hopsi za Citra, mzigo uliofika ni Cascade.

Kwa asiyejua, hopsi ni maua makavu ya mmea unaopanda juu ya kamba. Ndiyo yanaipa bia uchungu na harufu, na yanasaidia isiharibike haraka. Pale sokoni Maili Moja hutayakuta yamepangwa kwa mafungu. Afrika Kusini wanalima, upande wa George, lakini mpikaji wa Kibaha anategemea mtu anayesafiri amletee kwenye begi. Kinachokuja ndicho hicho hicho.

Sasa angalia watu wawili walivyofanya.

Kaka wa Kibaha alichukua Cascade, akapima gramu zile zile za kwenye resipe, akatupia sufuriani. Bia ikatoka tamu kama togwa. Washkaji wakamcheka mpaka akafuta posti.

Dada wa Kisarawe alianza kwa kusoma pakiti. Kila pakiti ya hopsi inaandikwa asilimia ya asidi ya alfa, na hiyo asidi ndiyo inayoleta uchungu ikichemshwa. Citra huwa na kama 11 hadi 13. Cascade ni kama nusu yake, 5 hadi 7 hivi. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano: resipe ikitaka gramu 25 za Citra yenye 12, zidisha, unapata 300. Gawanya kwa 6 ya Cascade, unapata gramu 50. Basi. Uchungu umerudi mahali pake.

Ila hesabu hiyo inafanya kazi kwa hopsi za mwanzo tu, zinazochemka muda mrefu. Zile za mwisho, zinazotiwa moto ukizimwa au bia ikiwa imeshachacha, ni za harufu, na harufu haigawanywi kwa kikokotoo. Citra inanukia embe na matunda ya kitropiki, Cascade inanukia balungi na maua. Ukirundika Cascade mara mbili hupati embe, unapata bia yenye ladha ya majani. Dada akakubali yaishe: bia yake itanukia balungi, na kwenye chupa akaandika kwa kalamu, "Cascade, siyo Citra."

Hapo ndipo watu walipomshukia. Eti hiyo siyo IPA, eti feki, eti angesubiri hopsi zenyewe.

Jamani. IPA ilizaliwa Uingereza, ikasafirishwa kwa meli kwenda India, na hopsi zake zilikuwa za Kiingereza. Cascade yenyewe ilitolewa Marekani mwaka 1972. Citra ni mtoto wa miaka ya 2000. Kwa hiyo Wamarekani walipotoa hopsi za Kiingereza na kuweka za kwao, walifanya kile kile anachosemwa nacho dada wa Kisarawe, na leo wanaitwa mabingwa. Hata viwanda vikubwa vinabadili. Uganda walitoa Eagle Lager ya mtama mwaka 2002, Msumbiji wakatoa Impala ya muhogo mwaka 2011. Hakuna aliyezimia, kwa sababu mtama uliitwa mtama na muhogo ukaitwa muhogo.

Tofauti iko hapo hapo, na ndipo kaka wa Kibaha alipozingua kweli.

Baada ya kuchekwa, akaombwa kupika kwa ajili ya send-off ya rafiki. Hopsi zimeisha. Akakumbuka magamba ya msesewe, yale wanayotia Wachaga kwenye mbege ili ipate uchungu. Wazo lenyewe siyo baya. Msesewe ndiyo hopsi ya Kilimanjaro, na bibi wa Rombo anajua kipimo chake bila mizani. Tatizo kaka siyo bibi wa Rombo. Akavunja magamba kwa kukadiria, akachemsha, akanyamaza.

Ukumbini, dada mmoja akamuuliza, "Mdogo wangu, humu umetia nini?" Akajibu, "Hopsi za Marekani hizo, dada." Akapigwa picha na glasi.

Bahati mbaya kwake, meza ya pili alikaa mama mmoja kutoka Rombo. Akaonja mara moja, akaweka glasi chini. "Mwanangu, huu uchungu naujua. Huu ni msesewe."

Ukumbi ukapoa. Maana yule dada aliyeuliza anatumia dawa za presha, na hakuuliza ili apate cha kuposti. Msesewe ni mti wa jamii ya Rauvolfia, jamii hiyo hiyo iliyowapa madaktari reserpine, dawa ya kushusha presha. Hakuna aliyeumia siku ile. Lakini mtu mwenye hali kama hiyo ana haki ya kujua kilichomo kwenye glasi ili aamue mwenyewe, na haki hiyo ilibadilishwa na picha ya Insta.

Angesema tu, "Nimeishiwa hopsi, nimetia msesewe," yule dada angekunywa soda na send-off ingeendelea. Pengine kaka angesifiwa kwa ubunifu, maana bia yenye uchungu wa Kilimanjaro iliyopikwa Kibaha ni stori nzuri kuliko Citra ya kwenye begi la mtu. Aliona aibu ya kilicho chake, akaazima jina la mbali.

Kupika kwenye upungufu ni kubadili, hakuna namna. Ila anayebadili ana kazi mbili: apige hesabu, halafu aseme. Dada wa Kisarawe alifanya zote mbili, akaitwa feki. Kaka wa Kibaha hakufanya hata moja, akapewa laiki.

Sasa wewe, ungekaa meza ya nani? Dondosha komenti, ila matusi kwa dada wa watu hapana.