Cheti cha chanjo na kinga ya ng'ombe: hesabu ya wanaovusha mifugo Koboko

UCHAMBUZI

Anayenunua ng'ombe Abuku, wilayani Koboko, ana mipaka miwili karibu. Upande mmoja ni Kongo na soko la Ariwara, upande mwingine ni Oraba na Kaya, njia ya kwenda Yei na Juba. Kwa hiyo karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa, soko la ng'ombe hufungwa, vibali vya kusafirisha mifugo husimama na lori hubaki limeegeshwa huku mkopo ukiendelea kula riba. Mwaka 2024 wilaya nyingi za Uganda ziliwekwa chini ya karantini hiyo.

Tangu hapo neno linalosikika zaidi katika biashara hii ni chanjo. Dalali anasema ng'ombe "wamechanjwa", mnunuzi anaangalia karatasi, bei inapatana. Swali ambalo wengi hawaulizi ni moja tu: wamechanjwa lini?

Chanjo hii hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa. Ikishaingia mwilini, chembe nyeupe za damu zinahitaji muda wa kuvitambua na kutengeneza kingamwili, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Ng'ombe asiyewahi kuchanjwa huhitaji sindano ya pili baada ya mwezi hivi, na hata hapo kinga hudumu takribani miezi sita. Ng'ombe aliyedungwa sindano Jumatatu na kupakiwa Jumatano ana karatasi, lakini kinga bado hana.

Virusi navyo havikai vikisubiri. Vikiingia kwenye seli, hukata mitambo ambayo seli hiyo ingetumia kutengeneza intaferoni, yaani kile king'ora cha mwili cha kuzitahadharisha seli jirani. Utafiti wa maabara umeonyesha pia jambo la ajabu kidogo: virusi vilivyokwisha kushikwa na kingamwili vinaweza kuingia ndani ya seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kuwaonyesha askari wengine sura ya adui, na kuziua. Tangu maambukizi hadi vidonda vya mdomoni kuonekana hupita siku 2 hadi 14. Katika siku hizo mnyama anaweza kununuliwa, kupakiwa, kuvuka mpaka na kuchanganywa na wengine akiwa anaonekana mzima.

Hata akipona, mambo hayajaisha. Virusi huweza kubaki kooni kwa miezi, na chembechembe zake zimeonekana zikiwa zimeshikiliwa ndani ya tezi za limfu, mahali palepale kinga inapotengenezwa. Kwa nyati wa Afrika hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka. Wataalamu wanaona ng'ombe wa namna hii ni nadra kuambukiza wengine, lakini nchi zinazonunua nyama hazipendi kubahatisha.

Wazee wanaokumbuka sotoka huona serikali za leo zimelegea. Ulinganisho huo si wa haki. Sotoka ilikuwa kali zaidi: virusi vyake vilishambulia chembe nyeupe zenyewe na kuzimaliza, hadi magonjwa yaliyokuwa yamelala damuni, kama nagana, yakaamka. Lakini aliyepona alikuwa na kinga ya maisha, na chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilitosha sindano moja. Dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011. Virusi vya miguu na midomo vina aina saba, ingawa aina C haijaripotiwa popote tangu 2004, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Uganda peke yake imewahi kupata O, A na aina za SAT. Chanjo isiyolingana na aina iliyoko sokoni ni pesa iliyotupwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme una ng'ombe 20, na kila mmoja anakula na kuchungwa kwa shilingi 5,000 kwa siku. Kuwasubirisha siku 14 baada ya chanjo ni shilingi milioni 1.4. Ukikamatwa na karantini ya siku 30 njiani, malisho ni milioni 3, na ukilazimika kuwauza kwa hasara ya 200,000 kila mmoja ni milioni 4 nyingine. Jumla milioni 7. Kwa hiyo kusubiri kunakulipa pale tu uwezekano wa kukamatwa unapozidi mmoja kwa watano.

Wengi wanaona hatari ni ndogo kuliko hapo, wanapakia. Kwa mfuko wao hawajakosea. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haimhesabu mfugaji wa Midia au Kuluba ambaye ng'ombe wake hawakuuzwa kabisa, wala mwenye lori la mbuzi aliyefungiwa soko lilelile. Gharama yao hailipwi na aliyepakia mapema. Kuwalaumu wafanyabiashara kwa maneno hakutabadilisha hilo, wala vizuizi vya barabarani peke yake.

Kinachoweza kubadilisha ni bei. Malisho ya kungojea yakiwa ya pamoja karibu na soko, gharama ya siku hushuka; ikifika 2,000, siku zile 14 ni shilingi 560,000, na kusubiri kunalipa hata hatari ikiwa chini ya mmoja kwa kumi. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 na Kongo tangu 2022, kwa hiyo kikao cha kukubaliana cheti kimoja chenye tarehe ya chanjo na aina za virusi kina mahali pa kufanyikia.

Kwa sasa, kabla ya kulipa, soma tarehe kwenye karatasi, uliza kama ni sindano ya kwanza au ya pili, kisha mwombe daktari wa mifugo wa wilaya akuambie ni aina gani zimo ndani ya chupa.