Jeraha Dogo, Uamuzi Mkubwa

Mwaka 1910, daktari Hans Christian Jacobaeus wa Uswidi alieleza jinsi alivyochungulia ndani ya kifua kwa chombo kilichoundwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Leo, kwa njia iliyotokana na hiyo, mtoto aliyezaliwa na vifuko visivyo vya kawaida pafuni huweza kuondolewa sehemu hiyo kupitia matundu ya milimita 3 hadi 5, moja likipanuliwa kidogo ili kuitoa. Mbavu hazitanuliwi, maumivu hupungua, na hatari ya mgongo kupinda baadaye huwa ndogo.

Hata hivyo, udogo wa jeraha usitupumbaze. Ndani ya kifua kazi ni ile ile: mishipa mikubwa ya damu hufungwa, na mara nyingi mtoto hupumulishwa kwa pafu moja. Aidha, wengi wa watoto hawa huzaliwa bila dalili yoyote, na madaktari hawajaafikiana kama wapasuliwe mapema kuepusha maambukizo, au waangaliwe kwanza. Kwa maoni yetu, kabla ya kuulizana mtoto apasuliwe kwa njia gani, hatuna budi kuuliza kama anahitaji kupasuliwa.